Kijito kimepata moto, trauti wanahangaika: nianze na mti, kilindi au mashine ya hewa?

Msomaji mmoja anayetunza kijito pamoja na majirani zake ameniandikia hivi:

"Kijito chetu kina urefu wa kilometa nne na upana wa mita tatu hivi. Zamani maji yalifika magotini, lakini siku hizi ukame ukikaza yanaishia kwenye vifundo vya miguu. Kilometa mbili za katikati zimefyekwa kingo zote, ng'ombe wanashuka kunywa popote wanapotaka, na huko juu kuna bwawa dogo la umwagiliaji. Mwezi uliopita nilipima nikapata nyuzi 16 alfajiri na nyuzi 25 saa tisa alasiri. Kila alasiri trauti, hawa samaki wetu wa maji baridi, wanajazana kwenye kona moja, midomo wazi, na tumeshaokota kumi na mmoja waliokufa. Mmoja ananiambia ninunue mashine ya kupuliza hewa, mwingine anasema nichimbe vilindi, wa tatu anasema nipande miti tu. Nianze na lipi?"

Anza na ile kona. Kabla ya mti, kabla ya jembe, kabla ya kutoa hata senti moja, chukua kipimajoto, rudi pale saa tisa ileile, ingia majini taratibu upime karibu na chini, hatua kwa hatua, kutoka katikati ya mkondo kuelekea ukingoni. Sitashangaa ukikuta nyuzi 20 au 21 mahali ambapo hatua tano kando yake pana 25. Trauti huihisi tofauti isiyofika hata nyuzi moja, na hao wa kwenu wameshakufanyia utafiti ambao ungeulipia: wamekuonyesha, kwa dalili zote, mahali ambapo maji ya ardhini yanatokeza kijitoni. Kona hiyo ndiyo mali yako ya kwanza. Mengine nitakayosema hapa yanahusu kuilinda, na kuzuia joto lisiingie kwa wingi kabla maji hayajaifikia.

Nasema kuzuia, sisemi kupoza. Joto likishaingia majini halizoleki. Litatoka lenyewe, polepole, sehemu kubwa usiku, kwa mvuke na kwa kupotelea hewani. Kwa hiyo kila ushauri uliopewa uulize swali moja: unafunga mlango ambao joto linapitia, au unalinda baridi iliyopo? Kama haufanyi hata moja kati ya hayo, weka fedha zako mfukoni.

Tuelewane kwanza kuhusu hizo nyuzi 25, maana joto baya halina namba moja kwa samaki wote. Sato hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 30, na yuko perege mdogo wa Ziwa Magadi anayeishi kwenye maji ya chemchemi yanayofikia nyuzi 40, maji ambayo mimi nisingekaa ndani yake kwa raha. Trauti ni wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wa upinde wa mvua anayefugwa sana hukua vizuri kati ya nyuzi 12 na 17 hivi. Zikipita 20 huanza kukataa chakula, na zikikaa kwenye 25 siku kadhaa mfululizo, hufa. Wa kwenu hawajafa wote kwa sababu ya zile nyuzi 16 za alfajiri: usiku unawapa nafasi ya kujirudi. Usikodolee macho kilele cha alasiri peke yake. Mwaka utakaopima alfajiri ukakuta 19 au 20, ujue hali imekuwa mbaya zaidi hata kama alasiri bado ni 25 ileile.

Mwili wa samaki hufuata maji aliyomo. Maji yakipanda nyuzi kumi, mahitaji yake ya oksijeni huongezeka kama maradufu, na wakati huohuo maji yenyewe yanapunguza akiba. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Yakiwa na nyuzi 25 hubeba 8.3. Matumizi yanapanda, mshahara unashuka. Kama kijito chenu kiko mlimani, mita 2,000 juu ya bahari, punguza kama moja ya tano kwenye namba hizo zote mbili.

Halafu huja maradhi. Septemba 2002, kwenye mto Klamath kaskazini mwa California, samoni wakubwa wasiopungua 34,000 walikufa. Mto ulikuwa na maji haba na yenye joto, samaki wakasongamana, na ugonjwa wa madoa meupe pamoja na bakteria wanaokula mashavu ya kupumulia wakapita kati yao kama moto kwenye nyasi kavu. Ndiyo maana hiyo kona yenu inanifurahisha na kunitia hofu kwa pamoja. Samaki mia moja kwenye dimbwi la ukubwa wa kitanda wanaambukizana kwa siku chache. Mkiokota mizoga, angalieni mashavu: yakiwa na mabaka ya manjano au ya kijivu, au ngozi ikiwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mwiteni mtaalamu wa magonjwa ya samaki mapema. Mizoga yenyewe izikwe mbali na maji.

Nije kwenye mashine ya hewa. Umesema samaki wanahangaika alasiri. Saa hizo mwani na majani ya majini yako kazini juani yakitoa oksijeni, na kijito chenye mwani mwingi mara nyingi huwa nayo tele kuliko saa nyingine yoyote. Oksijeni hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, baada ya viumbe vyote kupumua usiku kucha bila chochote kuongezwa. Kwa kawaida, basi, samaki wanaohema alfajiri wana shida ya oksijeni, na wanaojazana penye baridi alasiri wana shida ya joto. Mashine ya kupuliza haipozi maji, tena ikivuta hewa ya nyuzi 32 na kuisukuma kwenye maji ya nyuzi 25 inaweza hata kuongeza. Kazi yake ni kwenye bwawa lililosimama, au kwenye tangi la vifaranga vya samaki. Kwenye mkondo unaotiririka, maji yaliyopulizwa yanakuwa yameshaondoka kabla hujageuka. Ukiweza kuazima kipima oksijeni, pima alfajiri na alasiri siku mbili tatu. Ukipata zaidi ya miligramu 6 kwa lita nyakati zote, hoja ya mashine imekufa.

Sasa hesabu yenyewe ya joto, na hapa ndipo ningependa utulie. Jua la adhuhuri lisilo na wingu humwaga kama wati 800 juu ya kila mita ya mraba ya maji. Kina kikiwa sentimeta 40, na joto hilo likiingia lote, maji yatapanda nyuzi 1.7 kwa saa. Kikiwa sentimeta 20, yatapanda 3.4. Kikiwa sentimeta 10, yaani vifundoni, karibu 7. Jua ni lilelile. Kilichopungua ni maji ya kugawana mzigo. Kwa kweli ongezeko huwa dogo kuliko hapo, kwa kuwa mwanga mwingine huakisiwa na mvuke huondoka na sehemu yake, lakini uwiano unabaki: nusu ya kina ni mara mbili ya joto. Maji yanayokwenda robo mita kwa sekunde hutumia zaidi kidogo ya saa moja kupita kilometa moja. Sasa tembeza maji hayo kwenye zile kilometa mbili zilizofyekwa, kuanzia saa tano asubuhi, uone kama nyuzi tisa zako bado zina fumbo lolote.

Watu wengi hudhani hewa ya moto ndiyo inayopasha kijito. Inachangia, sikatai, lakini kwenye kijito cha mita tatu mshtakiwa mkuu wa mchana ni jua lenyewe. Huko Oregon, Marekani, kwenye msitu wa utafiti wa H. J. Andrews, watafiti walitandaza kivuli bandia juu ya kipande cha kijito. Hewa haikubadilishwa, mti haukupandwa, na bado kilele cha joto la maji kilishuka. Wastani na kiwango cha chini cha usiku havikuguswa. Kivuli, basi, hukata kilele, na kilele ndicho kinachowaua trauti wenu.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi katika jimbo hilohilo. Miaka ya 1960, kwenye vijito vya bonde la Alsea, msitu ulikatwa mpaka kwenye maji kando ya kijito kimoja kidogo, ilhali kwenye bonde la jirani vipande vilivyokatwa vilitenganishwa na maji kwa ukanda wa miti na vichaka. Kwenye kile cha kwanza, kiwango cha juu kabisa cha mwaka kilipanda kutoka karibu nyuzi 14 hadi zaidi ya 29 katika mwaka mmoja baada ya ukataji. Kwenye cha pili hakukuonekana badiliko lililoweza kuhusishwa na ukataji. Kila ninapoulizwa kama ukanda mwembamba wa miti unaweza kuleta tofauti ya maana, huwa nakumbuka vijito hivyo viwili.

Kwa hiyo aliyekwambia upande miti hakukosea. Amekosea kwenye hilo neno "tu", na nadhani hakukueleza mti gani, wapi, na nani ataulinda. Upana wa ukanda: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba mita 20 kila upande zinakibakisha kijito ndani ya nyuzi mbili za joto ambalo kingekuwa nalo katikati ya msitu, na mita 30 zinakilinda kikamilifu. Mwenye shamba dogo akisikia mita 30 atakufukuza. Mwombe kumi. Kwenye kijito chembamba kama chenu, sehemu kubwa ya kivuli hutoka kwenye safu za mwanzo zilizo karibu kabisa na maji, na mita kumi zilizopandwa zinashinda thelathini zinazobishaniwa.

Upande wa kuanzia hutegemea jua linapita wapi. Kijito kinachotoka mashariki kwenda magharibi, kikiwa mbali kaskazini mwa ikweta, huchomwa kutokea kusini, basi safu ya kwanza ipandwe ukingo wa kusini. Mbali kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Karibu na ikweta jua hupita utosini. Huko urefu wa mti hausaidii sana kama matawi hayajaegemea juu ya maji, kwa hiyo chagua miti na vichaka vinavyotanda, uvipande kingo zote mbili. Na usidharau majani marefu. Kwenye kijito cha mita moja au mbili, matete na nyasi za asili zilizoachwa bila kufyekwa zinaweza kuziba sehemu kubwa ya anga ndani ya msimu mmoja au miwili, wakati mche bado unatafuta mizizi yake. Wakati mwingine kazi ya kwanza ya kurudisha kivuli ni kumwomba mtu aweke panga chini.

Kuhusu aina ya mti, pendelea wa asili uliozoea kusimama kando ya maji hapo mlipo, na uogope mti unaosifiwa kwa kukua haraka. Katika kituo cha utafiti cha Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde zima dogo lilipandwa mikaratusi. Mtiririko ulianza kupungua kwa dhahiri mwaka wa tatu, na mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, lakini maji ya mwaka mzima hayakurudi mpaka baada ya miaka mingine mitano. Kijito kilichokauka hakina joto la kupima. Mistari miwili ya mikaratusi ukingoni si sawa na bonde zima, lakini kwenye kijito kinachofika vifundoni mimi nisingejaribu.

Ulinzi. Niliwahi kusimamia upandaji wa miche zaidi ya elfu moja, siku nzima, watu wakiimba, picha zikapigwa. Wiki mbili baadaye nilirudi nikakuta vijiti vimesimama kama njiti za kiberiti. Ng'ombe walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa ile michache iliyopandwa nyuma ya mwamba. Kosa lilikuwa langu: niliweka uzio kwenye ratiba ya awamu ya pili. Siku hizi sipandi mche kabla ya kuzungumza na mwenye ng'ombe, na mazungumzo hayo hayawezi kuwa marufuku peke yake. Mfugo lazima unywe. Wekeni birika nje ya ukanda, lijazwe kwa bomba dogo, na acheni kivuko kimoja au viwili vilivyotandazwa mawe. Ng'ombe wakiacha kukanyaga kila mahali, ukingo hujikaza, nyasi hurudi, na taratibu mkondo hujibana na kuchimba kina chake wenyewe. Kumbuka ile hesabu ya kina. Kwato zinapobomoa kingo, maji yaleyale yanatandazwa juani kwenye upana mkubwa zaidi, kama nafaka ya kuanika.

Bwawa la juu ndilo ninalolishuku kuliko vyote, na hukuniambia maji yanatokaje. Kama yanafurika juu ya ukuta, tatizo liko wazi. Kwenye maji yaliyotulia, yale ya moto hukaa juu kwa kuwa ni mepesi, na ya baridi hubaki chini. Njia ya kufurikia inaengua utando wa juu, ule wa moto kuliko wote, na kuwapelekea samaki. Pima nje ya bwawa, juu yake kabla maji hayajaingia na chini yake yanapotoka, alasiri moja. Ukikuta bwawa peke yake linaongeza nyuzi nne, miti yote ya kilometa mbili itakuwa inapokea maji yaliyokwisha kuharibika.

Dawa iko ya namna mbili. Kama bwawa lina kina cha kutosha, tuseme mita tatu au zaidi, mfanyeni mwenye nalo aweke bomba linalotoa maji ya chini. Hata mabwawa makubwa yamelazimika kufanya hivyo: bwawa la Shasta, California, lilikamilishiwa mwaka 1997 muundo mkubwa wa chuma wa kuchagua maji yatokeapo, juu, kati au chini, ili mto Sacramento ubaki na baridi ya kutosha kwa mayai ya samoni. Lakini maji ya chini yana tabia zake. Yanaweza kukosa oksijeni na kunuka kama yai viza, na ukiyafungulia ghafla unaweza kuua wale uliotaka kuwaokoa. Yafungulie kidogo kidogo, yaporomokee mawe kabla ya kuingia kijitoni, upime oksijeni hapo. Tena akiba ya baridi huisha. Usiifungulie yote mwanzoni mwa kiangazi ukabaki mikono mitupu mwishoni. Bwawa likiwa na kina cha mita moja na nusu tu, upepo utakuwa umelikoroga lote na bomba la chini halitakuwa na jipya. Hapo ni bora kijito kichepushwe kipite kando, na bwawa lichukue fungu lake kwa mfereji mdogo badala ya kumeza mto mzima na kuutema.

Fungu hilo nalo lijadiliwe. Kila lita inayotolewa kijitoni saa sita mchana inaziachia lita zilizobaki mzigo mkubwa zaidi wa jua. Kama wakulima wanaweza kujaza bwawa na kumwagilia kuanzia magharibi hadi alfajiri, mazao hayatapoteza kitu, huenda yakanufaika kwa mvuke kupungua, na kijito kitabaki na maji yake saa zile nne tano mbaya. Kati ya mambo yote niliyokwambia hili ndilo la bei ndogo kuliko yote, na kwa uzoefu wangu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linadai watu wapange zamu na waiheshimu.

Vilindi. Dhana ya watu ni kwamba chini ya kilindi lazima kuna baridi. Kwenye bwawa, sawa. Kwenye kijito kinachokwenda, mkondo huchanganya maji, na mara nyingi kilindi cha mita moja kina joto lilelile juu na chini, isipokuwa kama kuna maji ya ardhini yanayoingilia chini yake au mkondo mkuu umekipita pembeni. Tingatinga likishuka kuchimba, linafukia changarawe za kutagia kwa tope, linavunja kingo, na mafuriko ya kwanza yanajaza mchanga palepale. Sisemi kilindi hakina faida; samaki anapata pa kujificha na maji yenye kina yanapanda joto polepole. Nasema kiache mto ukichimbe. Gogo kubwa lililotiwa nanga, au mawe machache makubwa, hukusanya mkondo ukachimba chini yake na kurundika changarawe kando. Tena maji yanapolazimika kupenya ndani ya changarawe na kutokea mbele, hutoka yamepunguza makali ya mchana, kwa kuwa changarawe huyashika yale ya usiku na kuyachelewesha. Kabla ya kuweka chochote mtoni pateni kibali cha wanaosimamia maji hapo kwenu.

Nirudi kwenye kona, maana hapo ndipo pa kufanya kazi kiangazi hikihiki, wakati miche bado haijawa na jani la kujisifia. Maji ya ardhini hukaribia wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima mahali hapo, na hubadilika kidogo sana kati ya mchana na usiku. Tuseme kijito kina lita 20 kwa sekunde za nyuzi 25, na chemchemi inaingiza lita 5 za nyuzi 15. Yakichanganyika yote unapata nyuzi 23. Mtu akiitega chemchemi hiyo kwa bomba apeleke nyumbani, umerudi kwenye 25 siku hiyohiyo. Kwa hiyo jueni chemchemi zenu zote, mziandike, na mzungumze na wenye mashamba zilimo kabla mtu hajaleta bomba.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Mahali ambapo maji ya nyuzi 15 bado hayajachanganyika na mkondo, samaki anapata 16 au 17, siyo 23. Mkichelewesha mchanganyiko mnampa chumba cha baridi. Wekeni mawe au gogo upande wa juu wa chemchemi inapoingilia, mkondo wa moto usukumwe pembeni, na pabaki mfuko wa maji tulivu wenye nafasi ya kutosha. Ufunikeni kwa matawi, au hata kwa wavu wa kivuli ule wa kitalu cha miche, juu kiasi cha kuacha hewa ipite. Msifanye mfuko mmoja tu. Tafuteni chemchemi nyingine ndogo juu na chini, ili samaki wagawanyike na hofu yangu ya maradhi ipungue. Zungushieni uzio. Watoto wasiogelee hapo alasiri, na anayevua asipaguse kabisa: trauti aliyekimbilia hapo hana nguvu ya kupigana na ndoana, na ukimrudisha majini bado anaweza kufa baada ya saa chache. Jimbo la Montana, Marekani, likiona mto umegusa nyuzi 22.8 kwa siku tatu mfululizo, huweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Nyinyi mnaweza kukubaliana kanuni kama hiyo leo jioni, bila bajeti.

Kabla ya kuamua chochote kati ya bwawa na miti, pima. Kipimajoto cha kawaida kinatosha kuanzia: kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, siku yenye jua, watu watano wasimame sehemu tano kwa wakati mmoja. Juu ya bwawa, chini ya bwawa, mwanzo wa kingo zilizofyekwa, mwisho wake, na kwenye kona. Ukiweza kupata vifaa vidogo vya kujirekodia joto kila nusu saa, bora zaidi, kwa sababu vitakuonyesha na usiku. Viweke kwenye maji yanayotembea, visiguse chini, ndani ya kipande cha bomba jeupe chenye matundu. Mimi niliwahi kufunga kimoja juani bila bomba, nikatangaza mbele ya watu kwamba mto una nyuzi 31. Kilikuwa kinapima ganda lake lenyewe. Kabla ya kuvipeleka mtoni, vitumbukize vyote kwenye ndoo ya maji na barafu iliyokorogwa vizuri. Kisichosoma karibu na sifuri kiandikie kosa lake au kiache nyumbani.

Joto likipanda hasa kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, nendeni kwa mwenye bwawa. Likipanda hasa kati ya ya tatu na ya nne, anzeni uzio na kivuli mwanzo wa kipande hicho, upande wa juu, mshuke nacho, kwa sababu kivuli cha chini hakiwezi kurudisha joto lililoingia juu. Likipanda kidogo kidogo kila mahali, basi maji ni haba mno na mazungumzo ya zamu za umwagiliaji ndiyo ya kwanza. Na kwenye kona, kama tofauti na mkondo haifiki hata nyuzi moja, nimekosea kuhusu chemchemi, na hao samaki wamefuata kitu kingine: labda kivuli cha mwamba, labda maporomoko yenye hewa. Niandikie hizo namba tano pamoja na saa mliyopima, na uniambie maji ya bwawa yanatokea juu au chini.